Rola ya Tanga la Daktari

Mwezi uliopita kijana mmoja anayeshona matanga kule Naivasha alinitumia picha tatu kwenye simu. Zote zilikuwa za rola, kile kifaa cha kukunjia tanga la mbele la mashua, na chini yake aliandika: "Mzee niaje, hapa nichukue gani?" Hakusema mashua ni ya nani wala ina urefu gani. Alitaka nimwambie hii au ile, kama mtu anayechagua soda dukani.

Nilikasirika, nikaweka simu kando, nikanywa chai yangu. Halafu nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo kwa miaka mingi, tena mbaya zaidi, kwa sababu mimi hata kuuliza sikuuliza. Kwa hivyo nawajibu nyote kwa pamoja, nyinyi mnaoshika sindano siku hizi. Mnivumilie, maana siwezi kueleza rola bila kupitia kwenye malori ya mbao.

Mimi si mtu wa maji. Nimezaliwa Elburgon, kwenye baridi na harufu ya vumbi la msumeno, na hadi leo sijui kuogelea. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushona turubai za malori, na nilifunzwa Nakuru, mtaa wa Bondeni, katika karakana ya Bwana Bakari. Huyu alikuwa mtu wa kofia safi na maneno machache. Babu yake alitoka Pwani, lakini yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuvuka Nairobi. Bahari aliijua kwa kalenda ya ukutani.

Basi siku moja akaja mtu na pikapu, nyuma amebeba tanga lililochanika. Alikuwa amezunguka mji mzima akitafuta fundi. Alipoiona ile kofia na kusikia jina Bakari, alishukuru Mungu kwa sauti kwamba hatimaye amempata mtu wa Pwani anayejua matanga. Bwana Bakari hakukataa. Aligeuza lile tanga, akaligeuza tena, akamuuliza mteja upande wa juu ni upi kana kwamba anampima akili. Kumbe alikuwa hajui. Tulilishona kama turubai ya lori, mishono miwili miwili na vikuku vya shaba kila pembe, likawa zito kama godoro. Mteja alifurahi sana. Kuanzia hapo wenye mashua wa Naivasha walikuwa wetu.

Bwana Bakari alinifunza kupaka uzi nta, kunoa kisu kwenye jiwe la mto, na kutokata kitambaa kabla hasira haijaisha. Na alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila asubuhi akifungua mlango: chochote kinachozunguka kipewe grisi. Tuliipa grisi mashine ya kushona, magurudumu ya mkokoteni, bawaba za mlango, hata ile kapi ya kuvutia turubai juu. Hakuna kitu kilicholia kwenye karakana yetu. Nilimpenda yule mzee, na nilichukua maneno yake yote bila kuyapepeta.

Sasa rola. Wengi wenu mmeikuta ikiwa tayari imefungwa kwenye mashua, kwa hivyo hamjui shida iliyokuwapo kabla yake. Ziwa la Naivasha asubuhi hutulia kabisa, halafu mchana upepo huja bila kupiga hodi. Zamani ukija, lazima mtu atambae hadi mbele kabisa, apige magoti kwenye mbao zenye maji, apigane na tanga hadi lishuke, alifunge. Rola ilimaliza hayo. Chini ya ule waya wa mbele, unaoshuka kutoka juu ya mlingoti, kunakaa kitu kama bobini kubwa ya cherehani, imezungushiwa kamba. Unakaa nyuma kwenye kiti chako, unavuta kamba, bobini inazunguka, na tanga linajizungusha kwenye waya wake hadi limekwisha.

Ziko za namna mbili, na hapa ndipo wengi huanza kubabaisha wateja. Ya kwanza ni nyepesi, bobini chini na kichwa kinachozunguka juu, basi. Hiyo ni ya kufungua lote au kukunja lote. Ukijaribu kuacha nusu, tanga linajisokota vibaya juu na kuchanika. Kwa mashua ndogo ya kucheza karibu na ufuko, inatosha. Ya pili ina bomba la aluminiamu linaloufunika waya wote, na tanga linaingia kwenye mfereji wa bomba hilo. Hii unaweza kukunja nusu upepo ukizidi na ukaendelea na safari yako. Mtu mwenye mashua ya kulala ndani, anayekaa majini kutwa, mpe hii ya pili, hata kama ya kwanza inang'aa zaidi kwenye picha.

Pima unene wa waya kabla ya kuagiza chochote. Usichukue kubwa kuliko mashua kwa sababu ya sifa, maana uzito wa juu huilaza mashua. Ile kamba ya kupandishia tanga isikae sambamba na waya kule juu. Iache ije kwa pembe kidogo, la sivyo itajisokota kwenye bomba na hutaikunja hata ukiita ukoo mzima. Na bobini iwe na kamba ya ziada, kwa sababu siku ya upepo mkali tanga hujikunja kwa kubana sana na kula mizunguko mingi kuliko siku ya utulivu. Nimeona mtu kamba imemwishia na tanga bado lina kipande cha nje kinapiga makofi.

Halafu kuna kitambaa cha jua. Tanga lililokunjwa linakaa nje mwaka mzima, na jua la kwetu huku juu halina huruma, kwa hivyo pembeni tunashona ukanda wa kitambaa kizito, kwa kawaida cha buluu, ili tanga likijikunja ukanda ubaki nje kama ganda. Kamba ya bobini ikipita upande wa kulia wa mashua, ukanda unashonwa upande wa kushoto wa tanga. Kamba ikiwa kushoto, ukanda kulia. Tanga langu la kwanza la rola niliweka kamba na ukanda upande mmoja. Ukanda ukajikunja ndani, vizuri sana kwenye kivuli, na tanga lenyewe likabaki nje likiliwa na jua. Mteja alinirudishia likiwa linapasuka kama karatasi ya magazeti. Nililishona upya na sikumwambia mtu, lakini tangu siku hiyo huwa nanyosha mikono yangu yote miwili na kuitazama kabla ya kushona huo ukanda.

Sasa niwaambie kuhusu Daktari Mbugua. Alikuwa daktari wa mifugo, amestaafu, anakaa ng'ambo ya Kikopey kuelekea Kariandusi, pale vumbi jeupe hupanda kutoka kwenye machimbo na kutua juu ya kila kitu, laini kama unga wa ngano. Maisha yake yote alikuwa ameingiza mikono ndani ya ng'ombe wa watu. Alipostaafu akanunua mashua ya zamani yenye chumba kidogo cha kulala, akaitengeneza nyumbani kwake juu ya trela kwa miaka miwili, na hicho ndicho kitu pekee alichowahi kujinunulia kwa kutaka tu.

Mke wake, Mama Wairimu, alikuwa mwalimu. Alitumia mkono wa kushoto. Alichapwa shuleni kwa sababu ya huo mkono, akachapwa na nyumbani, na hakuubadilisha. Mara ya kwanza aliponipa kikombe cha chai kwa kushoto nilisita kukipokea, kwa malezi yangu, naye akanitazama hadi nikakipokea. Kwenye mashua yeye ndiye aliyeshika usukani, kwa mkono huo huo, na Daktari alishughulika na matanga.

Shida ilikuwa vidole vya Daktari. Vilikuwa vimeanza kukakamaa, na siku moja akienda mbele kushusha tanga vilishindwa kushika, akaanguka majini. Mama Wairimu alimtoa kwa taabu. Alipofika nchi kavu alisema neno lake mara moja: Daktari akienda mbele ya ile mashua tena, mashua inauzwa. Alikuwa na mnunuzi wa Nairobi tayari, nambari yake imeandikwa nyuma ya bahasha na bahasha imebandikwa kwenye friji. Ndipo Daktari akanijia Nakuru, ameshika kofia yake mkononi kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Aliniambia hataki rola nzuri, anataka rola itakayomwacha na mashua yake.

Kuchagua nilichagua vizuri. Nilichukua yenye bomba, saizi ya kati, na kati ya mbili za saizi hiyo nikachukua ile inayofunguka, kwa sababu sipendi kitu nisichoweza kukifungua. Tatizo ni kwamba niliifungua. Ndani kulikuwa na gololi za plastiki, nyeupe, kavu kabisa. Karatasi iliyokuja nayo ilikataza grisi waziwazi, ikasema ioshwe kwa maji safi tu. Nilicheka. Nikasema moyoni hawa watu wa ng'ambo hawajawahi kuona lori la Elburgon wakati wa mvua. Nikaenda kwenye rafu, nikachukua grisi ya magurudumu ya trela, nikajaza juu na chini kwa kidole, kwa upendo. Ikazunguka kimya. Nilijipongeza.

Mashua ilikaa nyumbani kwa Daktari majuma matano, wakati wa kiangazi, ikingoja nimalize tanga jipya. Vumbi la Kariandusi lilikuwa likishuka kila siku, nami kila nilipokwenda kupima tanga nililipangusa kwenye viti bila kufikiria lilikokuwa likiingia.

Siku ya kuijaribu tulikuwa watatu. Asubuhi rola ilivuta kwa uzito kidogo, nikamwambia Daktari ni upya wake. Mchana tukiwa mbali na ufuko, upepo ukaja. Daktari akavuta kamba, tanga likajikunja nusu, likakwama. Nikaishika kamba pamoja naye, tukavuta wawili hadi viganja vikaungua, haikwenda mbele wala nyuma. Mama Wairimu aliwasha ile injini ndogo na kuigeuza mashua, lakini tanga lilikuwa linavuta zaidi ya injini, na lilikuwa linatupeleka moja kwa moja kwenye mafunjo. Ndani ya yale mafunjo viboko walikuwa wametoa vichwa wanatutazama.

Daktari akasimama aende mbele.

"Daktari, kaa chini," mke wake akasema, bila kupaza sauti. "Ukienda huko mbele, jioni napigia huyo mtu wa Nairobi."

Akakaa. Nikaenda mimi. Nilitambaa kwa tumbo, na sitawadanganya, nililia njiani. Nilipofika kwenye bobini niliona kando yake kumejaa uji mzito wa kijivu, grisi na vumbi jeupe vimekandana, na wakati huo huo nikajua. Nilijaribu kuizungusha kwa mikono, ikakataa. Basi nikachomoa kisu alichonipa Bwana Bakari, nikalishika tanga nililolishona majuma matano, nikalichana kutoka ukingoni hadi karibu na waya, mara tatu. Upepo ukapita katikati yake. Injini ikapata nguvu, na Mama Wairimu akatugeuza tukiwa tunaweza kusikia mafunjo yakigusa ubavu wa mashua.

Jioni ile Daktari aliendesha gari kunipeleka Nakuru, na kwa sababu hatukuwa tumekula tangu asubuhi tukasimama Kikopey. Nyama ikaja, mbavu za mbuzi kwenye ubao. Daktari alikuwa akisema rola ni mbovu, ataifunga kwenye sanduku airudishe, na ataandikia waliomuuzia barua kali. Alisema kwa hasira lakini mikono ilikuwa imelala mezani. Mama Wairimu alikuwa ameweka simu kando ya sahani, na sote tulijua ni ya kumpigia nani.

Vijana, nilikaa pale nikajua kwamba nikinyamaza nimepona. Rola itarudishwa ng'ambo na jina langu litabaki safi kutoka Nakuru hadi Naivasha. Mashua itauzwa tu. Niliangalia vile vidole vya Daktari na nikaona haya kuliko nilivyowahi kuona maishani.

"Daktari, si rola," nikasema. "Ni mimi. Niliweka grisi ya lori, ikashika vumbi."

Akaniuliza kama karatasi ilisema niweke. Nikamwambia ilisema nisiweke.

Mwenye bucha akaja akatukatia nyama nyingine, akaenda. Halafu Mama Wairimu akauliza, "Kwa hivyo hiyo kitu yenyewe iko sawa?"

"Iko sawa, Mama."

"Na ikioshwa itazunguka?"

"Itazunguka."

Alichukua ubavu mmoja kwa mkono wake wa kushoto, akauweka mbele yangu. "Basi kula. Utakuja kuiosha kwangu jikoni, nikiona. Na tukirudi kwa maji, wewe ndio utakaa huko mbele." Akaiweka simu ndani ya mkoba. Daktari aligeuza uso akatazama barabara kwa muda mrefu, kana kwamba malori yanayopanda kutoka Nakuru yalikuwa kitu kigeni kwake.

Niliiosha kwenye beseni la vyombo, kwa maji moto na sabuni, gololi moja moja kwa mswaki wa meno, na mwalimu amesimama nyuma yangu. Mbili zilibingirika chini ya friji na akanifanya nilale sakafuni nizitoe. Nilipoinuka niliona mlango wa friji hauna bahasha. Nilipomsimulia Bwana Bakari kisa chote, alicheka hadi kofia ikaanguka. Akaniambia, "Mimi hata bahari sijaiona. Kwa nini unanifuata mpaka ndani ya maji?" Hiyo grisi ya trela iko kwenye rafu yangu mpaka leo, kwa ajili ya matrela.

Safari iliyofuata nilikaa mbele kama nilivyohukumiwa, nimevaa jaketi la kuelea na nimeshika waya kwa mikono miwili. Rola ilizunguka vizuri. Daktari alikunja na kufungua mara nne bila sababu yoyote, ili tu aione.

Mashua ile ilikaa naye miaka kumi na mmoja zaidi. Kila mwaka nilikwenda kuosha gololi. Kila mwaka nikaona anavuta kwa njia mpya: kwanza kwa mkono, baadaye anazungusha kamba kwenye kiwiko, mwisho anaegemea nyuma na kutumia uzito wa mwili. Kamba ilipita upande wa kulia, karibu na kiti chake, na mbao za pale zilikuwa zimelika kwa miaka ya kupita kamba. Mama Wairimu hakuwahi kumsaidia kuivuta. Niliwahi kumwuliza kwa nini, akasema ile ni ya Daktari.

Tulimzika Daktari kwake, na lile vumbi jeupe lilitua kwenye viatu vyetu vyote. Mimi nilikuwa nimeshastaafu. Miezi mitatu baadaye Mama Wairimu akanipigia simu, akauliza kama nina nafasi. Nilijua ni mashua anauza na anataka nimwandikie hali ya tanga. Nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya pole.

"Nataka hiyo kamba ya rola uhamishe," akasema. "Iwe upande ya kushoto."

Yale maneno ya pole nikayaweka kando, nikamwambia nitakuja.

Mmeshaielewa shida iliyokuwapo. Kamba ikihama, ukanda wa jua nao lazima uhame. Ningeweza kumpa kijana mmoja wenu afanye kwa mashine asubuhi moja. Nilifumua ule ukanda mwenyewe, mshono kwa mshono, kwa miwani miwili, nikaushona upande wa pili. Nilinyosha mikono yangu na kuitazama kwanza, kama kawaida. Ilinichukua siku sita na mke wangu aliniuliza kama nimerudi kazini.

Tulikwenda ziwani asubuhi ya Jumamosi. Safari hii nilikaa mahali pazuri, nyuma, kwenye sakafu ya mashua. Mama Wairimu alifungua tanga, tukaenda kidogo, halafu akaubana usukani kwa goti na kuvuta kamba kwa mkono wake wa kushoto. Tanga likaja lote, na ganda la buluu likatoka nje sawasawa.

Kwa hivyo, wewe kijana wa Naivasha, nitakujibu kuhusu zile picha zako tatu. Lakini kwanza nenda kwa mwenye mashua, umuulize ni nani atakayekuwa akivuta, na kwa mkono gani. Mimi nilihitaji miaka kumi na mmoja na mazishi ndipo nijue.

Siku ile ziwani kile kiti cha Daktari, cha kulia, kilikuwa wazi, nami nilijisogeza ili nikae hapo nimwachie Mama nafasi. Mama Wairimu akanizuia kwa kichwa tu, akachukua flaski ya chai na vikombe vitatu, akaviweka pale.